Vigingi Vyekundu vya Lukwele

Lisemwe mapema, watu wasije wakamhukumu bure: Felista hakuwa mgomvi, wala hakuwa na tamaa ya ardhi ya mtu. Kosa lake ni kwamba alikabidhiwa shamba la ukoo, na Mluguru aliyekabidhiwa shamba la mama zake huwa halali usingizi wa kutosha. Shamba lile la Lukwele, kitongoji kilichong'ang'ania ubavu wa mlima juu ya Bigwa, lilitoka kwa bibi yake likaja kwa mama yake, likaja kwake, na siku moja lingekwenda kwa binti yake Prisca. Wanaume walikuja wakaoa, wakalima, wakazeeka, wakazikwa. Shamba likabaki la wanawake. Akiwa na miaka sitini na miwili, Felista aliogopa jambo moja kuliko kifo: asije akawa yeye mwanamke wa kwanza wa ukoo wake kupoteza hata unyayo mmoja wa udongo ule.

Juu ya shamba lake kulikuwa na shamba la ukoo wa Severin, mzee wa rika lake, mgane, mtu wa maneno machache na kicheko kingi. Koo zao zilikuwa watani. Maana yake Felista aliweza kumwita Severin mchawi, mlafi na mzoga mbele ya padri, na Severin angecheka tu na kumwomba ugoro. Mpaka kati yao ulijulikana tangu zamani. Kulikuwa na jiwe kubwa jeusi ndani ya shamba la Severin, na mama yake Felista alimfundisha akiwa mtoto: simama chini ya jiwe, laza jembe chini, hesabu mipini tisa ukiteremka. Pale mpini wa tisa unapoishia, hapo ndipo udongo wetu unapoanza. Jembe lenyewe lilibadilika mara nyingi, lakini kila mpini mpya ulikatwa kwa kipimo cha ule wa zamani.

Mwezi wa kwanza mwaka huo ardhi ilitetemeka. Ilikuwa mchana, Felista akifunga mafungu ya mchicha, na kwanza alidhani ni kizunguzungu cha njaa. Kisha sufuria zikagongana jikoni, mbuzi wakalia, na vumbi likashuka kutoka kwenye paa. Muda wa kusali nusu ya Salamu Maria, tetemeko likaisha. Hakuna nyumba iliyoanguka. Lakini asubuhi iliyofuata watu wakakuta ufa umechora mstari kukatisha mteremko, pale pale karibu na mpaka wa mashamba yale mawili, mwembamba kiasi cha kuingiza kidole.

Chini ya ufa huo kulikuwa na shamba la Felista, na chini ya shamba kulikuwa na nyumba nne. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya Prisca.

Mwenyekiti wa kitongoji, Athanas, alipiga simu wilayani. Akaja binti mmoja mtaalamu wa miamba, Hosiana, na viatu vizito na mkoba mgongoni. Alisema ufa ujazwe udongo na kushindiliwa ili maji ya mvua yasiingie, na familia zile nne zihame kwa muda. Kisha akapigilia vigingi sita vilivyopakwa rangi nyekundu: vitatu juu ya ufa na vitatu chini yake, kila jozi ikitazamana. Athanas akaachiwa futi ya kamba, awe anapima umbali wa kila jozi Jumapili baada ya misa na kutuma namba kwa simu. Kanisani likatoka tangazo kwamba vigingi visiguswe.

Siku ya tangazo hilo Felista hakuwepo. Alikuwa Dakawa kwa dada yake, wanavuna mpunga. Aliporudi na gunia lake la mchele, Prisca alimwambia kwa mkato, maana mtoto mchanga alikuwa analia: "Mama, watu wa serikali wamepiga vigingi kule shambani. Wamesema visiguswe."

Visiguswe! Kwa mtu aliyezaliwa Uluguru, kigingi ni mpaka. Tena si muda mrefu kitongoji cha jirani kilikuwa kimepimwa kwa ajili ya hati za kimila, na huko nako vilipigwa vigingi vyekundu. Felista angeuliza, angeambiwa. Hakuuliza. Alichukua jembe lake, akapanda, akasimama chini ya jiwe na kupima. Mpini wa tisa ukaishia kwenye vigingi vya chini, kamili, kama mama yake mwenyewe ndiye aliyevipiga. Akafurahi sana. Akasema moyoni, leo serikali imefanya kazi.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kuchuma mboga za kuuza Jumapili, akapima tena kwa kujifariji tu. Mpini wa tisa uliishia kabla ya kigingi. Kigingi kilikuwa kimeshuka kuingia upande wake, kwa nafasi ndogo, hata ukucha wa kidole gumba haukuenea. Akarudia kupima. Jibu likawa lile lile.

Damu ilimchemka. Kikulacho ki nguoni mwako! Alimtazama Severin aliyekuwa akipalilia maharage kule juu, akiimba zake, na hakumsemesha. Aling'oa vigingi vitatu vya chini, akavuta uzi wa katani ili viwe mstari mmoja, akavirudisha kwenye mpini wa tisa na kuvishindilia kwa jiwe. Felista alikuwa ameshindilia nguzo maisha yake yote. Akimaliza, huwezi kujua kama udongo umeguswa. Kisha akatoa kisu, akachonga kwenye mpini wa jembe alama mbili zenye umbali sawa na ule ulioibwa. Alama zile zilikuwa ushahidi. Siku Severin atakapofikisha kiasi cha kutosha, atapelekwa baraza la ardhi la kata, na mpini utasema.

Jumapili, baada ya misa, Athanas alipima akatuma namba. Hakuna kilichobadilika.

Wiki saba zikaenda hivyo. Kila Jumamosi vigingi vilikuwa vimeshuka, na kila Jumamosi Felista alivirudisha na kuchonga. Mwanzoni wizi ulikuwa wa ukucha, ukawa wa vidole viwili, ukawa wa kiganja. Mvua za kwanza za masika zilipoanza, Severin alionekana kupata tamaa ya fisi. Ufa nao ulikuwa ukimeza udongo. Kila wiki vijana waliongeza karai kadhaa, na Athanas alisema ni mvua inaushindilia. Felista hakumshtaki jirani yake waziwazi. Alimrushia maneno kwa njia ya utani, mbele za watu kisimani.

"Mtani, wewe endelea kula udongo wangu. Siku utakapovimba tumbo usiniite nikukande."

Severin alicheka mpaka akashika kiuno. "Udongo wako una chumvi, mtani. Siuachi."

Watu wote wakacheka. Felista hakucheka. Aliyesema kwamba utani hauna uchungu hakuwa na shamba linalopungua.

Nyumbani mambo yalikuwa yamebana. Nyumba ya Felista ilikuwa karibu na kanisa, kwenye mgongo wa mlima penye mwamba, na ndiko Prisca alikohamia na watoto watatu na mumewe Jastin. Sasa, mkwe kulala chini ya paa moja na mama mkwe wake ni mtihani usioombewa mtu. Jastin alikuwa akitoka alfajiri kabla Felista hajafungua mlango, akirudi anakohoa tangu mbali ili apishwe njia. Chakula alikula nyuma ya banda. Alikuwa amekonda kwa heshima. Kila jioni alimwambia mkewe, kwa sauti ambayo Felista aliisikia vizuri kabisa, kwamba yeye anarudi kwake hata kama mlima utamfuata.

Ndiyo maana Hosiana alipokuja tena, Jumatatu ya mwisho wa mwezi wa tatu, Jastin ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika mkutanoni. Walikutana uwanjani nje ya kanisa, kama watu sitini. Hosiana alikuwa ametoka kukagua vigingi na uso wake ulikuwa mkunjufu.

"Nina habari njema," alisema. "Kwa wiki saba namba hazijabadilika hata kidogo. Ufa umetulia. Naona familia zinaweza kurudi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Felista alipiga kuliko wote. Jastin alikuwa ameshaanza kuondoka, na dakika chache baadaye alionekana akiteremka na godoro kichwani.

Mzee mmoja akauliza kwa nini mlima wao unatetemeka ilhali si wa moto. Hosiana alionekana kulipenda swali hilo. Alichukua kipande cha mkate wa mtoto aliyekaa mbele, akaomba radhi, akakishika kwa mikono miwili.

"Gamba la dunia si kipande kimoja, babu. Limegawanyika mabamba makubwa, nayo yanatembea. Huku kwetu upande wa mashariki unajitenga na upande wa magharibi. Kwa mwaka hausogei hata kwa urefu wa punje ya mchele. Lakini hesabuni mamilioni ya miaka." Akavuta mkate taratibu mpaka ukachanika. "Kinachovutwa hukatika. Upande mmoja ukatitia, mwingine ukabaki juu. Mnaona ubavu huu wa Uluguru ulivyosimama kama ukuta ukiutazama kutoka mjini? Ni mkato wa zamani. Ndiyo uliowapa mlima, mlima ukawapa mvua na mito. Na mara moja moja ile mikato ya zamani hujinyoosha, ardhi ikatetemeka."

"Basi tutaporomoka?"

"Mwamba hauporomoki hivi hivi. Kinachoporomoka ni udongo ulioukalia. Tetemeko huulegeza, mvua huulemeza. Ndiyo sababu ya vigingi vile. Vya juu viko kwenye sehemu iliyoshikamana. Vya chini viko kwenye sehemu yenye wasiwasi. Kama udongo ungekuwa unateremka, vya chini vingeteremka nao, vikazidi kujitenga na vile vya juu. Havikujitenga. Ndiyo maana nina amani."

Felista alikuwa bado ameweka mkono mdomoni kwa ajili ya kigelegele kingine. Mkono ukabaki pale pale.

Kwanza hakuelewa, kisha akaelewa yote kwa pamoja. Severin hakuiba kitu. Shamba ndilo lililokuwa likitembea, shamba lote, na mchicha wake na mihogo yake, likishuka kwenye nyumba ya Prisca, na yeye kila Jumamosi alipanda kwa bidii kwenda kuufunga mdomo uliokuwa ukimwambia.

Aliona aibu, na aibu ikamletea werevu wa kijinga. Alijisogeza mpaka kwa Prisca aliyekuwa akimfunga mtoto mgongoni. "Mwanangu, kaeni kwangu wiki moja zaidi. Mtoto ana mafua."

"Mama, hana mafua."

"Basi mimi ninaumwa. Nani atanipikia?"

Prisca alimtazama kwa huruma, kama mtu anayedhani mzazi wake anaogopa upweke. "Nitakuja kila siku, mama. Jastin amechoka. Na mtaalamu amesema."

Mtaalamu amesema. Felista aliwatazama wengine: mama wa nyumba ya pili akikusanya watoto wake, vijana wa nyumba ya tatu tayari wakibishana nani abebe meza. Hata angemzuia Prisca kwa uongo, hao angewazuia na nini? Upande wa pili wa uwanja alimwona Severin. Kila mtu alikuwa akizungumza na jirani yake, ila Severin alikuwa ameinama, akichora mavumbini kwa fimbo yake. Moyo ulimuuma Felista kumwona. Wiki saba alimwita mwizi moyoni mwake, na leo ilibidi amwombe radhi mbele ya watu sitini ambao wangecheka mpaka Pasaka ipite.

Alikaa kimya. Hakukaa muda mrefu, labda kwa kadiri ya kumenya ndizi tatu, lakini alikaa kimya, na kimya hicho hajakisahau. Kisha Jastin akaonekana akirudi kuchukua godoro la pili, na Felista akasikia sauti yake mwenyewe ikipasua uwanja.

"Jastin! Rudisha godoro!"

Watu wakageuka. Mama mkwe hamwiti mkwewe kwa jina hadharani namna ile. Jastin alisimama kama aliyepigiliwa.

"Vigingi nilivigusa mimi," alisema Felista. "Vinateremka kila wiki. Kila Jumamosi mimi navirudisha juu. Nilidhani ni mpaka. Nilidhani mtani wangu Severin ananiibia shamba. Athanas anapima Jumapili anakuta vimekaa sawa kwa sababu ya mikono yangu hii. Mtaalamu, namba zako ni za uongo, na mwongo ni mimi. Mtani, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Hosiana alikuja taratibu mpaka mbele yake, akamshika mkono. Hakukasirika, au kama alikasirika alikificha kisirani chake mahali pazuri. "Shikamoo, mama. Sikukusalimia asubuhi. Niambie, unakumbuka vilishuka kiasi gani?"

"Marahaba. Nakumbuka kila kitu. Nimechonga."

Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani mwa kanisa, maana Felista alitoka shambani moja kwa moja. Hosiana aliliweka magotini, akafungua futi yake, akapima alama moja baada ya nyingine, akiandika. Sentimita moja. Moja tena. Mbili. Tatu. Sita. Kumi na moja. Alipofikia alama za juzi Jumamosi, futi ikasoma ishirini, shibiri ya mtu mzima.

"Mwenyekiti," alisema bila kuinua kichwa, "hakuna anayelala kule chini leo. Wala kesho. Kilichobaki ndani kitolewe sasa hivi, mtu mmoja asimame juu akiangalia ufa na filimbi mdomoni. Na jua likizama kazi inakoma."

Akamgeukia Felista. "Umeniharibia vipimo vyote, mama. Na hakuna fundi wangu ambaye angenipimia vizuri hivi."

Mchana ule Lukwele nzima ilibeba. Vitanda, mabati, milango iliyong'olewa na bawaba zake, kuku wamefungwa miguu. Severin ndiye aliyesimama juu na filimbi. Jastin alibeba kabati peke yake akapita mbele ya mama mkwe wake bila kukohoa.

Mvua ilinyesha Jumanne na Jumatano bila kupumua. Alhamisi, kwenye saa nne asubuhi, jua likiwa limechungulia kidogo, mlima ulinguruma. Felista alikuwa mlangoni kwake akichambua mchele. Aliona shamba la mama zake likianza safari. Halikukimbia, kwanza liliteremka zima zima, mihogo imesimama wima, kama watu walio kwenye maandamano. Kisha likakunjamana, likapinduka, likawa tope lenye miti ndani yake, likameza nyumba ya Prisca bila hata kusita, likaendelea. Jiwe jeusi la mpaka lilibingirika nyuma yake. Nyumba zote nne zilikwenda. Walipohesabiana, watu wote walikuwepo, mpaka kichanga. Prisca alikaa chini kwenye tope akamkumbatia mama yake miguuni, akalia, na Felista naye akalia, akilia shamba na akimshukuru Mungu kwa pumzi moja, wala hakujua machozi gani ni ya nini.

Siku chache zilizofuata akawa mtu wa kusifiwa. Athanas alimsimamisha kanisani. Wanawake walimwita mpimaji mkuu, na watani wakampelekea vijiti vilivyopakwa rangi nyekundu ili akipata muda akawapimie vyoo. Alicheka nao. Lakini akiwa peke yake alizikumbuka zile ndizi tatu za kimya. Je, kama Jastin asingerudi kuchukua godoro la pili?

Severin alikuja Jumatatu mchana. Hakuleta utani. Alikataa kigoda, akabaki amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Felista," alisema, na hakuwa amemwita kwa jina lake kwa miaka mingi. "Uliomba msamaha mbele za watu. Mimi nimekuja kuomba nyuma ya watu, maana sina moyo kama wako."

"Unaomba nini wewe, niliyekusingizia?"

"Nilikuona. Jumamosi ile ya pili nilikuwa juu nikakuona unang'oa vigingi na kuvisogeza kwangu. Na mimi tangazo nililisikia, nilijua vile ni vya kupimia ufa. Nikasema, mwanamke huyu anataka kuvigeuza mpaka ale shamba langu. Nikasema, mwache achimbe kaburi lake. Siku mtaalamu atakapogundua, ataumbuka mbele ya kitongoji kizima. Nikanyamaza. Kila Jumamosi nilikuangalia, nikanyamaza. Hata Jumatatu ile, mtaalamu aliposema watu warudi, nilijua namba si za kweli. Ulimi ukaniwia mzito. Ungekuwa hukusema wewe, Felista, sijui. Naapa mbele ya Mungu, sijui kama ningesema."

Nje watoto wa Prisca walikuwa wakifukuzana na kuku. Kichanga kilikuwa kimelala mkekani hatua mbili kutoka pale aliposimama Severin, na mzee yule hakuthubutu kukitazama.

Felista alihisi hasira ikimpanda. Alikuwa na haki nayo. Kisha akamtazama mtu yule, kofia inavyomzunguka vidoleni, na akamjua vizuri kuliko alivyowahi kumjua mtu yeyote.

"Kaa chini," alisema. "Chai iko motoni."

Prisca aliingia na ndoo ya maji, akamkuta mzee Severin ameketi anajifuta macho. Akamwamkia, kisha akamuuliza mama yake kwa sauti ya chini kuna msiba gani.

"Hakuna," alisema Felista. "Mtani wangu analilia jiwe lake. Mletee kikombe."